Mkanda wa jeshi umenikamata safarini. Ni lazima niwe nimekanyaga miwaya?

Roho ya Kitonga #1
Wakuu, za muda huu. Naandika nikiwa Makambako, gari lina mzigo, kesho napanda kuelekea Mbeya halafu Tunduma.

Siku tano nyuma nilianza kusikia moto mbavu za kushoto, kuanzia chini ya titi kuzunguka hadi uti wa mgongo. Nikadhani mkanda wa gari umenichubua. Nilipofika Iringa, duka la dawa wakasema vidonda vya tumbo, wakanipa omeprazo. Jana asubuhi navua shati, naona malengelenge yamejipanga mafungu mafungu, upande mmoja tu. Shati likigusa naruka.

Utingo wangu kaangalia, kanyamaza, kisha akasema "Bro, huo ni mkanda wa jeshi. Kapime." Toka hapo anakunywa maji kwenye chupa yake peke yake.

Nina miaka 36, mke mmoja, watoto wawili, mdogo ana miezi tisa. Swali langu moja: mwenye mkanda ni lazima awe na ngoma, yaani virusi vya ukimwi? Wenye uzoefu karibuni, matusi pembeni.

Kisu Butu #2
Dereva wa lori. Mke mmoja. Haya.
Uzi bila picha ni hadithi za abunuwasi.

Mama wa Chapati Mbili #3
Kisu Butu na wewe una adabu kama jina lako. Mwenzio anaumwa.
Kaka pole. Mimi ulinitoka nikiwa na mimba ya mwezi wa saba, shingoni kupanda sikioni. Kliniki nilishapimwa mara mbili, sina kitu. Lakini kanisani nilikaa benchi peke yangu wiki tatu, hata waliokuwa wananikopa vitenge walihama.

Tabibu wa Zamu #4
Nijibu swali kwanza: HAPANA, si lazima.

Huu ugonjwa ni tetekuwanga ileile uliyougua utotoni. Ukipona, kirusi hakitoki mwilini, kinajificha kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo. Kinaweza kulala miaka thelathini. Kinga ikilegea, kinaamka, kinafuata neva moja hadi kwenye ngozi. Neva hizo ziko mbili mbili, moja kulia na moja kushoto, kila moja na eneo lake. Ndiyo maana vipele vinazunguka mbavu vikifika katikati ya kifua vinasimama kama vimekuta geti.

Na ndiyo maana maumivu yalitangulia. Neva inawaka kabla ngozi haijaonyesha kitu. Siku hizo za mwanzo watu wanatibiwa kichomi, vidonda vya tumbo, hata moyo. Usimlaumu sana wa Iringa, kabla ya vipele hata mimi ningeweza kukosea.

Virusi vya ukimwi vinalegeza kinga, kwa hiyo mwenye navyo anapata mkanda kirahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani linauweka kwenye hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa huo. Lakini kisukari, saratani, dawa za steroidi za muda mrefu na umri kupita 50 navyo vinalegeza. Na kuna watu wanaupata hatuoni sababu yoyote.

Kupima, kapime. Unapima kwa sababu jibu lina faida, si kwa sababu utingo kakuhukumu. Na dawa uanze LEO. Saa 72 tangu kipele cha kwanza ndizo zenye faida kubwa.

Ngosi wa Soni #5
Naomba kutofautiana na tabibu. Hiyo inaweza kuwa Nairobi flai, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi. Madereva mnalala na taa za kabini zinawaka, mnamvuta wenyewe. Mwaka wa mvua za El Nino, 1997 kwenda 98, tulibabuka mtaa mzima.

Tabibu wa Zamu #6
Ngosi, mdudu huyo hang'ati wala hakojoi. Ukimponda juu ya ngozi ndipo sumu yake inakubabua. Anaacha mchirizi pale ulipompangusa, na akiwa kwenye kunja la kiwiko, pande zote mbili zinazogusana zinababuka. Hafuati neva, na hakutangulizii siku nne za maumivu. Dereva wetu aliumwa kwanza.

Mpemba wa Maskati #7
Assalam alaykum. Pole ndugu yangu. Huku Waarabu huuita hizam nari, yaani mkanda wa moto. Mie nilidhani sisi tu ndio tulioupa jina la mkanda. Hilo jeshi lilitoka wapi lakini?

Kisu Butu #8
Jeshi ni kwa sababu vipele vinasimama mstari kama kuruta kwenye paredi.

Chui wa Muleba #9
Si hivyo Kisu. Sisi wa Kagera tunajua. Vita vya Amini, 1978 na 79, wanajeshi walirudi na magonjwa mengi, huu ukiwemo. Jina lilianzia hapo.

Mama wa Chapati Mbili #10
Mimi nilisikia ni ule mkanda mpana wa kijani wa askari, unaozunguka kiuno.

Mzee wa Kumbukumbu #11
Chui wa Muleba, unachanganya mambo mawili. Vita viliisha 1979. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa mkoani kwenu 1983. Ni kweli miaka hiyo mkanda ulionekana kwa vijana, wakati zamani ulikuwa ugonjwa wa wazee, na hofu ya watu ndipo ilipozaliwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake, siwalaumu. Ila jina kuletwa na wanajeshi, hapo unatuuzia chai.

Chui wa Muleba #12
Chai ya wapi mzee, baba yangu mdogo alikuwa Masaka!

Mwana wa Pangani #13
Jamani mnabishania jina, mtu anakufa. Dereva, angalia upande wa pili. Mkanda ukizunguka ncha zikakutana, mtu anaondoka. Bibi yangu alikuwa anachora mstari wa masizi pembeni ya vipele, mbele na nyuma, ili usivuke. Kawaponya wengi mimi nikiona kwa macho.

Tabibu wa Zamu #14
Bibi alikuwa anashinda mechi ambayo mpinzani haji uwanjani. Vipele karibu vyote vinaishia katikati vyenyewe, na baada ya wiki mbili hadi nne ngozi inapona, masizi au bila masizi.
Vikitoka pande zote mbili au kusambaa mwili mzima, huyo tunamlaza na kutafuta kwa nini kinga imeshuka hivyo. Kinachotisha hapo ni kinga, si ncha kukutana.

Mwana wa Pangani #15
Masizi hayakuua mtu lakini. Nyie mnapaka nini?

Binti Famasi #16
Wanapaka kila kitu, kaka Pangani. Nimesimama kaunta miaka tisa. Nimeona dawa ya meno, mafuta ya taa, unga wa betri. UNGA WA BETRI, kwenye kidonda kibichi. Masizi ya bibi yako yana nafuu kwa mbali.

Dereva, soma hapa kwa makini kwa sababu ndipo watu wengi wanapigwa. Dawa ni asaiklovia. Dozi ya mkanda kwa mtu mzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku, siku saba. Maduka mengi yana vidonge vya miligramu 200. Muuzaji akisoma "mara tano" anakupa kimoja kimoja. Hiyo ni dozi ya malengelenge ya sehemu za siri, kwa mkanda haitoshi. Unatakiwa VINNE kila unapokunywa. Ishirini kwa siku, 140 kwa wiki. Ukitoka dukani na karatasi moja ya vidonge kumi, ujue hiyo ni ya nusu siku.

Maji kunywa mengi. Kama una tatizo la figo, sema kabla, dozi inapunguzwa. Kuna nyingine, valasaiklovia, gramu moja mara tatu kwa siku, ni rahisi kukumbuka ila mfuko unaumia. Krimu ya kupaka ya asaiklovia uiache, huku haina msaada. Antibayotiki haziui kirusi. Anapewa yule ambaye vidonda vimeingia usaha.

Na tabibu, nikurekebishe kidogo: saa 72 zisiwatishe waliochelewa. Kama vipele vipya bado vinatoka, au ni karibu na jicho, au kinga iko chini, dawa inaanzwa hata siku ya tano.

Tabibu wa Zamu #17
Nakubali. Na hilo la jicho liandikwe kwa herufi kubwa. Kipele kikitoka kwenye ncha ya pua, upande wa paji lililoungua, usisubiri kesho. Neva inayofika ncha ya pua ndiyo inayogusa jicho. Nimeona mtu kapoteza jicho kwa kupaka mshubiri wiki nzima.

Kisu Butu #18
Sasa nimeanza kujikagua pua.

Msomaji wa Usiku #19
Asante wataalamu. Niongeze kidogo. Aliyeeleza vizuri kwamba mkanda ni tetekuwanga iliyolala alikuwa daktari wa kawaida wa mjini Cirencester, Uingereza, Edgar Hope-Simpson. Hakuwa na maabara kubwa. Aliandika kumbukumbu za wagonjwa wake mwaka hadi mwaka, akaenda hadi kisiwa cha Yell huko kaskazini ya Scotland, mahali ambapo watu ni wachache na unaweza kujua nani kamwambukiza nani. Mwaka 1965 akachapisha. Alihisi pia kwamba mtu mzima akikaa karibu na watoto wenye tetekuwanga, kinga yake inakumbushwa na mkanda unachelewa. Hilo la pili wanalibishania mpaka leo.

Na hiyo asaiklovia, mmoja wa waliokuwa nyuma yake ni Gertrude Elion, alipata Nobel 1988. Kabla yake wengi waliamini huwezi kuua kirusi bila kuumiza seli ya mtu. Dawa hii kirusi chenyewe ndicho kinachoiwasha. Kwenye seli isiyo na kirusi imelala tu.

Kisu Butu #20
Hapo ndipo mwalimu alipokuwa ananipoteza darasani. Lakini endelea.

Roho ya Kitonga #21
Nipo Uyole. Sijalala. Nimesoma zote.
Niseme ukweli, nimepita vituo vya afya viwili nikijidai sina muda wa kuegesha. Miguu inagoma.

Mti Mkavu #22
Mdogo wangu, mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika.

Mkanda ulinitoka mwaka 2003, kijijini, Njombe. Nilikuwa na miaka 31. Mama alikuja na majani, shangazi akaja na hesabu ya shamba langu nani atalichukua. Hawakunificha. Dawa za kupunguza makali wakati ule zilikuwa za wenye pesa. Nilikaa ndani mwaka mzima nikisubiri kufa, na kovu hili kiunoni likiuma kama limebandikwa pasi.

Mpango wa serikali wa dawa za bure ulianza 2004. Mimi nilifika kliniki 2005, CD4 zangu, zile seli za kinga, zilikuwa 112. Nikaanza kile kidonge cha mchanganyiko cha Triomune, kikanimaliza mashavu, watu wakanijua kwa sura. Sasa nakunywa kimoja tu kwa siku, kile chenye dolutegraviri, na virusi kwenye damu havionekani. Mtoto wangu wa mwisho kazaliwa 2013, hana.

Shangazi tulimzika 2016. Shamba bado nalima mimi.

Kwa hiyo mimi sikwambii "huna". Sijui unacho au huna. Nakwambia egesha gari.

Mama wa Chapati Mbili #23
Mti Mkavu, Mungu akutunze. Nimesoma mara mbili.

Kisu Butu #24
Sina utani kwa hilo. Heshima mzee.

Roho ya Kitonga #25
Nimepima Mbeya mjini. Nesi alikuwa mama mtu mzima, kanichoma kidole akiwa ananiuliza bei ya mchele Dar. Mstari mmoja. Sina. Kasema nirudie baada ya miezi mitatu kwa sababu nimekiri safari zangu si za mtakatifu. Sukari kapima, ipo sawa.

Nikauliza kipimo cha mkanda wenyewe, daktari kacheka. Kaniambia kipimo ni macho yake. Maji ya lengelenge yanaweza kupelekwa maabara kubwa kuangalia vinasaba vya kirusi, ila hiyo wanaifanya wakiwa na shaka, na vyangu havina shaka.

Nimepewa vidonge vya 800 kabisa, na amitriptilini usiku kwa ajili ya moto wa neva.

Binti Famasi #26
Hongera kwa kuegesha. ILA hiyo amitriptilini inaleta usingizi, na asubuhi unaweza kuamka kichwa kizito. Usiinywe halafu ukakamata usukani. Ulimwambia daktari kazi yako?

Roho ya Kitonga #27
Hakuuliza na mimi sikusema. Nimekabidhi gari kwa mwenzangu, nimepanda basi kurudi nyumbani Morogoro. Tajiri kanuna.

Kisu Butu #28
Karudi kwa mke bila kutarajiwa. Mkanda wa pili huo.

Ngosi wa Soni #29
Sasa kama hana ngoma na hana sukari, kwa nini kaupata na miaka 36? Tabibu ulisema wazee.

Tabibu wa Zamu #30
Nilisema pia wengine hatuoni sababu. Kukosa usingizi na msongo vinatajwa sana, ushahidi wake si mzito kama wa umri au dawa za kushusha kinga.

Jirani wa Bandari #31
Mimi dereva pia. Ni vinywaji vya kuongeza nguvu hivyo. Makopo matano usiku mmoja, kinga itabaki na nini?

Mwana wa Pangani #32
Au kachezewa. Gari jipya, njia ya pesa, watu wanaitaka hiyo kabini. Msicheke.

Mkamba wa Minnesota #33
Wadau, huku Marekani ukifika miaka 50 wanakuita uchanjwe. Ni Shingrix, sindano mbili, katikati miezi miwili hadi sita. Nimedungwa zote. Ya pili ilinilaza siku nzima, mkono ukawa kama nimebebeshwa gunia la mahindi. Nilikubali kwa sababu mamangu Kitui alibaki na uchungu huo miaka miwili baada ya ngozi kupona. Alikuwa hawezi kuvaa leso upande huo.

Mama wa Chapati Mbili #34
Huku kwetu kliniki ya watoto sijawahi kuona hata chanjo ya tetekuwanga, seuze ya mkanda.

Tabibu wa Zamu #35
Uchungu alioutaja Mkamba ndio ninaouogopa kuliko vipele. Ukizidi miezi mitatu unaitwa wa neva uliobaki, na wazee ndio wanaoupata zaidi. Parasetamoli haiugusi. Ndipo zinapoingia amitriptilini na gabapentini.

Roho ya Kitonga #36
Wakuu, nimerudi, wiki ya nne sasa. Ngozi imekauka, imebaki madoa meusi. Moto umepungua lakini usiku shuka likipita nalisikia kama sindano. Gari nimerudi wiki iliyopita, hiyo dawa ya usingizi nimeiacha kwa ruhusa.

Kilichonirudisha hapa ni mtoto mdogo. Katoka tetekuwanga mwili mzima. Mama mkwe kafika na neno moja: "Si mlisema hana?" Mke wangu ananiamini, naona, lakini anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Mimi ndiye niliyempa?

Tabibu wa Zamu #37
Mkanda haumpi mtu mkanda. Ila maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga ambaye hajawahi kuugua, hadi yakauke yawe magamba. Tetekuwanga inachukua siku 10 hadi 21 kutokea. Ulifika nyumbani siku ya ngapi ya vipele, na mtoto katoka lini?

Roho ya Kitonga #38
Nilifika siku ya nne. Katoka siku ya kumi na saba baada ya mimi kufika. Nilikuwa nimefunika kwa shati, ila nilimbeba, sikatai.

Binti Famasi #39
Hesabu inakubali basi.

Roho ya Kitonga #40
Ngoja. Watoto wa jirani wawili nao walitoka tetekuwanga siku zilezile nilizofika, na mtoto alikuwa akilelewa hapo mke akienda sokoni.

Ngosi wa Soni #41
Basi ni jirani. Au jirani ndiye aliyekupa wewe mkanda!

Tabibu wa Zamu #42
Ngosi, huo mkanda ulimtoka akiwa barabarani, na hauji kwa njia hiyo. Na mtoto, inaweza kuwa baba yake, inaweza kuwa jirani. Hesabu inaruhusu wote wawili, na tetekuwanga ya mtoto inasafiri kwa hewa, ni kali kwa kuambukiza kuliko mkanda uliofunikwa shati.
Kata kucha zake, kalamini, parasetamoli kwa uzito wake. ASIPEWE aspirini, watoto wenye tetekuwanga ikiwaingia inaweza kuharibu ini na ubongo. Akipumua kwa shida, akilegea, au akikataa kunyonya, hospitali usiku huohuo.

Roho ya Kitonga #43
Ananyonya vizuri. Anajikuna na kucheka. Mama mkwe nimempa simu asome uzi, kafika kwa Mti Mkavu kanyamaza. Sasa anauliza huyo wa Pangani bibi yake alitumia masizi ya chungu au ya taa.

Mwana wa Pangani #44
Chungu! Mwambie chungu!

Mpemba wa Maskati #45
Mie swali langu la jeshi halijajibiwa hadi leo.

Chui wa Muleba #46
Lilijibiwa #9.

Mzee wa Kumbukumbu #47
Halikujibiwa #9.

Sajini Mstaafu #48
Nimetumikia miaka 24. Kambini tulikuwa tunauita mkanda tu. Hilo la "wa jeshi" nililisikia kwa raia.